Karafuu za Mbaruk Mizanini

Mbaruk wa Mgogoni, kisiwani Pemba, hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na kadi ya chama chochote, wala baiskeli, wala shamba la babu yake, maana lilitaifishwa. Alikuwa na mikarafuu sita na imani moja: biashara ni ridhaa, na asiyeridhia hajauza.

Msimu wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi, alipeleka gunia la karafuu kituoni kwa serikali, kwani karafuu haikuruhusiwa kuuzwa kwengine. Karani Silima aliliweka kwenye mizani ya serikali. Mshale ukabaki kwenye sifuri.

"Mzee, hizi hazina uzito."

"Kwako hazina. Sijairidhia bei yako."

Silima aliandika sifuri, akamwita anayefuata. Mbaruk alijitwika gunia lake, likamwinamisha shingo kama kawaida, akenda kumuuzia aliyemtaka. Askari hawakumgusa. Sheria ilitaja kilo, naye kilo hakuwa nazo. Mgogoni nzima ilimwamkia kwa heshima.

Msimu ule ule jirani yake Jecha alikamatwa njiani na gunia, akienda kuliuza kwengine. Jecha alikuwa na watoto na hofu, na karafuu zake zilikuwa nzito kwenye kila mizani. Alipohukumiwa, mkewe, Bi Mwanapili, alikuja barazani kwa Mbaruk. Hakukaa.

"Wajua hakimu kasema nini? Kasema hapa hapana anayelazimishwa. Mbaruk yupo, hauzi kituoni, na hapana anayemgusa. Basi Jecha mwizi tu."

"Mimi ndiye ushahidi?"

"Ndiye wewe. Wanakupenda huko mjini! Bado kukuvisha kofia ya chama."

Kumbe Mbaruk alikuwa na imani ya pili, asiyoitangaza: kila mtu ajichungie lake. Aliifikiria imani hiyo mpaka chai yake ikapoa, akaiacha hapo kando ya kikombe. Kisha akaandika barua kwa wakubwa wa serikali huko Unguja: uhuru wake usitumike kumfungia mtu; wamwachie Jecha, au wamkamate na yeye.

Alitembea hadi posta ya Chake Chake, akapumzika Gombani mara moja tu. Akasimama wima mbele ya dirisha. Shamima, karani wa stempu, aliiweka barua kwenye mizani. Mshale haukutikisika.

"Haina uzito, Mzee Mbaruk. Nikutoze bei ya barua ipi?"

"Nitoze ya ile nzito kuliko zote, mwanangu."

Akalipa. Akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba, akampa. Shamima aliigonga muhuri, akaitia kwenye mfuko wa Unguja.