Mawe Mekundu ya Carrizo Seco

Asubuhi ya sikukuu ya Watakatifu Wote, Ermelinda Araya alipanda makaburini na ndoo ya maua ya karatasi, akakuta mtu amelipaka rangi kaburi la baba yake.

Ilikuwa rangi ya buluu, ile ya kupuliza kwa kopo. Jiwe la kichwani lilichorwa mshale na namba, na jiwe la miguuni halikuwapo kabisa. Palibaki kishimo tu, kama jino lililong'olewa. Akazunguka. Kaburi la don Hilario, buluu. Kaburi la mtoto mchanga wa Zunilda, ambaye hakuwahi kumkosea mtu yeyote duniani, buluu. Ermelinda akatua ndoo, akashika kiuno, na maneno yaliyomtoka pale hayakuwa ya kusemwa mbele ya marehemu.

Lazima isemwe mawe yale yalifikaje pale, maana watu wa Kampuni, wenye mgodi wa sasa, wanapenda kujifanya hawajui. Carrizo Seco ni kijiji cha jangwani: hakuna mti wa kuchonga msalaba, na mvua huko ni habari ya kusimuliwa. Kwa hiyo nyumba ya mchimbaji ikifiwa, kila anayefanya naye kazi huleta jiwe moja kutoka ndani ya mgodi wa La Porfiada, na kila Watakatifu Wote huongezwa jingine. Liwe jekundu, la rangi ya ini. Wanaume walikuwa wakishindana nani ataleta jekundu zaidi, na mwenye kuleta la rangi iliyopauka alisemwa mwaka mzima. Kwa wenye mgodi mawe hayo yalikuwa takataka. Wao walitaka fedha nyeupe, ile iliyojikunja mwambani kama nyuzi; mekundu waliyamwaga bondeni. Meneja Mwingereza wa enzi hizo alikuwa akiwaambia wachimbaji, chukueni, mnanipunguzia kazi.

"Usijisumbue kulaani, shoga. Laana zote nimeshazimaliza mimi," alisema Zunilda, jirani yake na mjane mwenzake, aliyekuwa amekaa kando ya kaburi la mwanawe akimenya chungwa. "Ni yule msichana wa Kampuni mwenye kofia nyeupe. Jana alikuwa huku na kopo lake."

"Na hukumfukuza?"

"Nilimpa chai! Nilidhani anapamba kwa ajili ya sikukuu. Ningejuaje?"

Walimkuta Pamela Cortés, mjiolojia wa Kampuni, kwenye gari lake chini ya mlima, akipanga vifuko vya mawe. Hakuwa mtu mbaya. Hilo lilimuudhi Ermelinda zaidi, kwa sababu alikuwa ameteremka kote kule akitafuta mtu mbaya wa kumalizia hasira zake.

"Jiwe la baba yangu liko wapi?"

Msichana akabadilika uso. "Doña, mimi nilidhani mmeshaambiwa."

"Tumeambiwa nini?"

"Kuhusu makaburi." Alivua kofia, akatazama huku na huku kana kwamba kuna mtu wa kumsaidia kujibu. Hakuwapo. "Ngoja niwaeleze ilivyo. Hapa zamani palikuwa bahari."

"Hilo tunalijua," alisema Zunilda. "Utotoni tulikuwa tukiokota makombe juu ya mlima."

"Basi. Mwamba ule wa chokaa ni sakafu ya ile bahari. Baadaye maji ya moto yalipanda kutoka chini kupitia nyufa, yakaacha fedha na dhahabu humo. Ndiyo mishipa waliyochimba wazee wenu. Sasa mvua ikakata, na nchi hii ikakaa hivi ilivyo, kavu, miaka isiyohesabika. Sehemu ya juu ya mshipa ikaota kutu kama msumari. Ule wekundu ni kutu. Na ndani ya kutu kuna dhahabu laini kuliko unga, jicho haliioni, na zebaki waliyotumia wa zamani haikuweza kuikamata. Siku hizi tunayo dawa ya kuikamata."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo jiwe likizidi wekundu, limezidi dhahabu. Na ninyi..." Pamela alielekeza kidole makaburini. "Ninyi mlikuwa mkichagua yaliyo mekundu kuliko yote. Mlima wenyewe hauyafikii makaburi yenu kwa dhahabu, doña. Sijawahi kupima kitu kama kile."

Zunilda akaangua kicheko kisicho na furaha hata chembe. "Mimi namlilia mume wangu juu ya dhahabu, na dukani nakopa sukari!"

Ermelinda hakucheka. "Wanataka kuyachukua."

"Wakili anakuja Alhamisi kuwaeleza. Mimi nimetumwa kupima tu."

Mgodi ule tangu mwanzo ulikuwa hivyo, wa kuchukua. Aliyeuona mshipa wa kwanza alikuwa mwanamke mchunga mbuzi, wa kabila la Wakolla, wenyeji wa milima ya juu. Wenye mgodi wakamlipa nyumbu mmoja wa mizigo, tena mzee, akafa kabla hajamfikisha nyumbani. Jina la mwanamke huyo halijaandikwa popote. La meneja limeandikwa kwenye shaba, mlangoni mwa shule.

Baba yake Ermelinda, don Eleuterio, alishika mashine ya kutoboa mwamba tangu ndevu hazijamwota. Mashine ile ilitakiwa kumiminiwa maji ili vumbi lilale. Maji yalikuja na malori kutoka pwani, ghali, na meneja akaona ni upuuzi kuyamwaga shimoni. Wakatoboa bila maji. Nyumbani kwa meneja palikuwa na mti mkubwa wa kivuli, waliouita mpilipili, uliomwagiwa maji kila jioni, na wachimbaji wakitoka zamu walipita mbele yake weupe kwa vumbi kama waokaji mikate. Don Eleuterio alikufa akiwa ameketi kitini, maana akilala alikosa pumzi kabisa. Daktari wa mgodi akasema ni upepo wa jangwa.

Kampuni iliponunua mgodi, na wajane wakaenda mjini Copiapó kuuliza habari za wale waliokufa kwa kifua, aliyewapokea alikuwa huyu huyu wakili Zañartu anayekuja Alhamisi. Aliwapa kahawa. Akawaambia kwa upole kabisa kwamba Kampuni ni mpya, haina uhusiano na mambo ya wale wa zamani, na ya kale yameshapita. Ermelinda aliikumbuka kahawa ile kila alipopita makaburini. Ilikuwa tamu, naye aliinywa yote, na hilo hakuwahi kujisamehe.

Alhamisi shule ilijaa. Wakili Zañartu alikuja na viatu vya kung'aa, akaweka juu ya meza jiwe jekundu lenye namba ya buluu. Ermelinda alilitambua pale pale. Lilikuwa na mchirizi mweupe ubavuni. Aliliosha kila mwaka tangu akiwa msichana.

"Mabibi na mabwana, Kampuni inaheshimu sana mila zenu," alianza wakili.

"Tumekwisha," alinong'ona Zunilda.

Akaeleza kwamba marehemu watahamishiwa makaburi mapya, mazuri, yenye uzio na jina la kila mtu. "Na tutapanda nyasi. Tutazimwagilia sisi wenyewe, kwa gharama zetu."

"Nyasi?" Ermelinda alisimama. Akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili. "Baba yangu alikosa ndoo ya maji ya kulaza vumbi, leo maji ya kunyweshea nyasi juu ya kaburi lake yamepatikana?"

"Doña, naelewa uchungu wako..."

"Huuelewi. Endelea. Sema mawe ni ya nani."

Wakili akakohoa. "Kisheria ni ya mgodi."

"Meneja aliwapa wazee wetu kwa mdomo wake. Ukumbi mzima huu unajua."

"Kuna maandishi?"

"Waandike nini, na hawakujua kusoma?"

"Basi sheria iko wazi. Kitu kilichotoka kwenye mgodi ni mali ya mgodi, hata kikipelekwa wapi, hata ikipita miaka mingapi."

"Lakini ninyi ni wapya," alisema Ermelinda. Sauti yake sasa ilikuwa imetulia, na Zunilda, aliyemjua tangu utoto, akaacha kutafuna. "Ulituambia Copiapó. Wa zamani ni wa zamani."

Wakili akatabasamu. Alipenda mtu anapomuuliza swali analolijua. "Kampuni ilinunua mgodi na haki zake zote, doña. Tumerithi kila kitu. Mwenye mgodi wa jana na mwenye mgodi wa leo, kwa sheria, ni mtu mmoja."

"Kila kitu? Hata kokoto?"

"Hata kokoto."

"Na vumbi?"

"Na vumbi. Vumbi hilo lina dhahabu vilevile. Kila chembe iliyotoka La Porfiada ni yetu."

"Kila chembe," alisema Ermelinda. "Mmemsikia, jamani? Nisije nikawa nimesikia peke yangu."

"Tumemsikia!" ukumbi ukajibu, ingawa wengi walikuwa bado hawajaona anakokwenda. Pamela, aliyekaa pembeni, alikuwa ameshaona. Aliinamisha kichwa.

"Basi nina chembe zenu nyingi. Ziko kifuani mwa Eleuterio Araya, na picha ya eksirei ya kifua hicho ninayo nyumbani, mapafu yamejaa mpaka juu. Zunilda anazo za mumewe. Doña Rosalba pale anazo za mume na za kaka. Miaka yote mlituambia ni upepo. Kumbe ni mali yenu, na ninyi ndio wenyewe, wa jana na wa leo! Mbona hamkuja kuzidai wakati wanakohoa? Mngekuja usiku mmoja tu, bwana wakili, mkazichukua, baba yangu angelala kitandani."

Hakuna aliyepiga makofi. Wajane walisimama mmoja mmoja bila kuambiwa, na viti vya shule vikalia sakafuni. Wakili alimgeukia Pamela.

"Mwambie basi," alisema, "vumbi la jangwani na la mgodini huwezi kuyatofautisha."

"Unaweza," alisema Pamela bila kuinua kichwa. "Mchanga wa upepo umeviringika. Vumbi la mwamba uliotobolewa lina ncha."

Wakili alianza kukusanya vitu vyake. Alisema anadhani wameelewana vibaya. Alisema Kampuni haina haja ya kuumiza hisia za watu, na kwa heshima ya marehemu, makaburi hayataguswa. Hata kama sheria inaruhusu, hayataguswa.

"Heshima!" alisema Zunilda. "Mtazameni anavyotoka jasho la heshima."

Ermelinda alikwenda mezani. Akalichukua jiwe, akalifunga ndani ya mtandio wake. Lilikuwa zito kuliko alivyolikumbuka.

"Hili ninalirudisha mahali pake," alimwambia wakili. "Vumbi la vifuani ni lenu, umesema mwenyewe mbele ya watu wote, na mwenye vumbi ndiye mwenye deni. Tutawaleteeni picha za vifua Jumatatu, na safari hii kahawa yenu hatunywi."

Alipanda makaburini jua likiwa bado kali, wajane wakimfuata. Akalipachika jiwe kwenye kishimo chake, akalikandamiza kwa kisigino mpaka likatulia. Zunilda akachovya kitambaa kwenye maji ya maua ili afute ile rangi ya buluu.

"Iache," alisema Ermelinda. "Waje waione namba yao, wasije wakasema tena wao ni wapya."