Vidole vya Justa

Selina na Justa walizaliwa Nansio, wakaolewa ng'ambo hii ya ziwa, na karibu maisha yao yote wameanika dagaa kwenye mwalo mmoja wa wavuvi upande wa Ilemela. Wenzao wa mwanzo wengi wameshatangulia. Labda ndiyo maana kila uchaguzi wa chama chao cha wakaushaji ulipokaribia, Selina alichangamka kama mtu anayekwenda kwenye harusi ya ndugu.

Zamani hapakuwa na karatasi. Wagombea walisimama mchangani wakilitazama ziwa, na kila mwanachama akajipanga nyuma ya anayemtaka. Ukisikia vicheko vingi mgongoni, umeshinda. Mama Chenge, mwenyekiti wa kwanza, alihesabu watu kwa kuwagusa mabega huku akiwataja majina, na ya waume zao, na vijiji walikotoka. Wakimaliza wanachoma sato, wanasonga ugali wa muhogo, na aliyeshinda anakula sinia moja na aliyeshindwa.

Mwaka huu kamati ilipitisha kwamba asiye na kitambulisho cha taifa hapigi kura. Ilikuwa na sababu yake, kwani uchaguzi uliopita watu wa mwalo wa jirani walijipenyeza. Selina alikuwa na kitambulisho, hivyo hakulifikiria sana. Lakini Justa hakuwa nacho. Jua, chumvi na magunia vilikuwa vimelainisha vidole vyake hata mashine haikuona alama. Kila alipokwenda kujiandikisha aliambiwa arudi siku nyingine, mpaka akachoka kurudi.

Asubuhi ya uchaguzi, Immaculata, katibu mpya wa chama, alisimama mlangoni mwa banda la kupigia kura. Alimwamkia Justa kwa heshima zote, kisha akamwomba kitambulisho. Justa akasema hana. Immaculata akamweleza kwa upole kwamba utaratibu ni wa wote. Justa hakubishana. Alijifunga vizuri khanga yake, akaanza kurudi kwenye vichanja vya kuanikia dagaa.

Selina alimtazama akienda. Mgongo ule aliujua. Mwaka Justa alipogombea ujumbe wa kamati, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama nyuma yake, wakati wengine wote bado wanasitasita.

"Immaculata mwanangu," alisema, "sasa hivi umemwamkia nani?"

"Mama Justa."

"Kumbe unamjua."

"Namjua, mama. Ila nikimruhusu yeye, atakuja na nisiyemjua."

"Huyo ambaye hata mimi simjui, mkatae. Justa hapa mwaloni hakuna wa kumuuliza yeye ni nani."

Selina akarudisha kadi yake kwenye pochi, akatoka kwenye foleni na kukaa chini mchangani. Alisema kama Justa hapigi, naye hapigi. Kija, mkaushaji mwenzao, akamfuata, kisha wengine. Si wote walipenda. Kuna walionung'unika kwamba dagaa wao wanaungua juani kwa ajili ya mtu mmoja. Wakajadiliana mpaka wakakubaliana kwamba asiye na kitambulisho adhaminiwe na wanachama wawili wanaomfahamu. Immaculata ndiye aliyekwenda mwenyewe kumwita Justa.

Justa akapiga kura. Mgombea wake akashindwa, tena kwa kura chache tu. Watu wakagawiwa soda, kila mmoja akashika njia yake.

Jioni Selina alipanda mlimani kwa Paskazia, mwanachama mwingine wa siku nyingi. Alimkuta amekaa juu ya jiwe lililo mbele ya nyumba yake, anamenya muhogo. Paskazia alisema hakuhangaika kwenda. Alishasikia habari za vitambulisho, na yeye hana, pamoja na wanachama wenzake wawili watatu wanaoishi pale mlimani. Kisha akauliza nani kapita.

Selina akamtajia.

Paskazia akaendelea kumenya. "Sisi tulimtaka yule mwingine," akasema.

Selina akakaa kando yake juu ya jiwe. Akavuta sufuria karibu, akachukua kisu, wakamenya pamoja wakilitazama ziwa.