Vyoo vya Mgeni Rasmi

Kila asubuhi Mama Usafi alisafisha vyoo vipya vya shule ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuviingia. Alifungua kufuli, akapangusa vumbi kwenye masinki meupe pe, akafunga tena, ufunguo akauning'iniza shingoni. Utepe mwekundu mlangoni ulikuwa umeshapauka kwa jua. Mgeni rasmi alikuwa anakuja kuukata. Alikuwa anakuja tangu wakati wa mvua.

Vyoo vya zamani vilishabomolewa, visije vikaharibu picha. Walimu walikuwa na chao. Wavulana walijipenyeza nyuma ya ukuta, na wasichana, wafanyeje? Walijikaza kisabuni mpaka jioni.

Binti wa Mama Usafi alikuwa mmoja wao. Tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao, chakula alikitazama tu, na akienda haja anatoa damu. Nesi wa zahanati alilibonyeza tumbo, akatikisa kichwa.

"Huyu anabana choo. Mtoto akijisikia, aende saa hiyo hiyo. Ukimzuia, kinakauka, kinamchana, mwisho anaogopa kwenda kabisa. Maji mengi, matunda, na asibane. Kwani shuleni kwao hakuna choo?"

"Kipo," alisema Mama Usafi, na aibu ikamshika, maana ufunguo ulikuwa ndani ya blauzi yake.

Kesho yake alimwendea mwalimu mkuu ofisini.

"Mwalimu, nilikuwa naomba watoto wafunguliwe. Hata kimoja tu."

"Mama, unataka mgeni rasmi akute kinyesi?"

"Nitasafisha mwenyewe, mwalimu. Si ndiyo kazi yangu?"

"Kazi yako ni kufunga. Wanaoitaka wamejaa pale getini. Huwaoni?"

Aliwaona. Akaitikia, akatoka, hasira hana pa kuitemea.

Mchana binti yake alitoka darasani amejikunja, jasho linamtiririka usoni. "Mama, leo inakuja. Nifungulie, mama."

Hakusubiri kufikiri. Alifungua, akauinua utepe, akamsukuma mtoto ndani. Hata hajachuchumaa vizuri, viatu vya mwalimu mkuu vikasikika kwenye kokoto. Mama akauvuta mlango, akabana kufuli kwa nje.

"Mgeni yuko njiani!" Mwalimu mkuu alikuwa anahema. "Pamefungwa?"

"Pamefungwa, mwalimu."

"Safi. Usibanduke hapo."

Hakubanduka. Viti vilipangwa, spika ikajaribiwa, watoto wakasimamishwa mstari tayari kuimba wimbo wa kunawa mikono. Ndani, binti yake aliguna, akaguna tena, kisha akaanza kulia. "Mama, inanichana! Mama!"

Mwalimu mkuu aligeuza shingo. Mama Usafi akaipindua ndoo upesi, akaanza kuigonga kwa mpini wa fagio, kwanza polepole, halafu kwa nguvu, ili kuifunika ile sauti. Watoto wakadhani ndiyo ngoma yao. Wakaanza kuimba, wakipiga makofi kufuata mapigo yake.