Kovu la Florentine

Nadège alikuwa amezoea kuletewa picha zilizoharibika. Katika studio yake ndogo huko Makiso, katikati ya mji, watu walimletea nyuso zilizotafunwa na mchwa, zilizokunjwa miaka mingi ndani ya pochi, zilizovujiwa na bati bovu. Alizirekebisha kwenye kompyuta, kipande kwa kipande, kisha akazichapa upya. Lakini picha aliyoileta Papa Hilaire ilikuwa imeharibika kuliko zote.

Hilaire alikuwa mvuvi kutoka Wagenia, kijiji kando ya mto, mwanamume wa makamo, mwenye mabega mapana ya mtu aliyezoea kuvuta mitego mikubwa kutoka kwenye maporomoko. Aliifungua picha kutoka ndani ya kitenge kana kwamba anamfungua mtoto mchanga.

"Iko bibi yangu, Florentine," alisema. "Alikufa zamani, mutoto wetu akiwa mudogo sana. Sasa mutoto anaolewa. Anataka mama yake akae mbele, kwa misa na kwa fête ya arusi. Picha yake iko hii moja tu."

Miaka mingi nyuma, mtoto akiwa bado mdogo, mto ulifurika, maji yakaingia nyumbani kwa Hilaire na kuikuta picha ukutani. Karatasi ilikuwa imeganda kwenye kioo cha fremu. Ukungu ulikuwa umekula jicho la kushoto na sehemu kubwa ya shavu, na rangi ilikuwa imeteremka kama uji. Nadège hakujaribu kuibandua, maana uso wote ungebaki kwenye kioo. Aliiweka kwenye skana hivyo hivyo, na kioo chake, kisha akamwita Hilaire akae karibu naye mbele ya skrini.

Uso ulipotokea mkubwa, Hilaire aliinamisha kichwa.

Nadège alianza na yaliyo rahisi: mikwaruzo, madoa, nyufa za ukingoni. Jicho lililoliwa alilijenga kwa kutazama lile lililobaki. Alipofika kwenye shavu alisimama. Chini ya eneo lililoliwa palikuwa na mstari uliotelemka hadi karibu na taya. Aliukuza. Upande mmoja wa mstari ulikuwa na mwanga na upande wa pili kivuli, sawasawa na pua na mdomo vilivyokuwa na mwanga na kivuli. Doa la maji halina kivuli.

"Papa," aliuliza, "mama alikuwa na kovu hapa?"

"Hapana." Jibu lilitoka haraka mno. "Iko maji tu. Ondoa."

"Ninaona kama iko kwenye ngozi..."

"Mimi ndiye bwana yake. Nimekuambia iko maji."

Nadège alimtazama. Hilaire alikuwa ameyageuza macho yake barabarani, ambako waendesha toleka, zile baiskeli za abiria, walikuwa wakigombania wateja. Mtu aliyelala na mwanamke huyu kitanda kimoja anasema hapakuwa na kovu. Yeye asiyemjua angebisha kwa lipi? Akaufuta mstari. Programu ilitaka kumpa Florentine shavu la mwanamke wa tangazo la sabuni, akalikataa, akalitengeneza kwa mkono kutoka shavu la upande wa pili. Uso ukawa safi. Hilaire alishukuru, akasema binti yake atakuja kuchukua picha, akaondoka bila kuangalia nyuma. Siku nzima Nadège alifanya kazi nyingine bila raha.

Benie, binti wa Hilaire, alikuja na mama mmoja mrefu, mwembamba, aliyevaa kitenge cha kijani. Alikuwa Marceline, dada mkubwa wa marehemu, aliyepanda na mto kutoka Isangi kwa ajili ya harusi. Benie alipoipokea picha alifunika mdomo kwa mkono. Machozi yalimtoka huku anacheka.

"Mama mukubwa, angalia! Niko na midomo yake!"

Marceline aliishika picha, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu. Hakucheka.

"Iko Florentine," alisema polepole. "Lakini kovu yake iko wapi?"

"Kovu gani?" Benie aliuliza.

Marceline alimgeukia kwa mshangao. "Papa yako hakukuambia?"

"Aniambie nini?"

Palikuwa na kiti kimoja cha wateja. Marceline alikikalia, akaiweka picha mapajani, akasimulia. Wakati wa vita vya siku sita, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana ndani ya mji, Florentine na Hilaire walikuwa wakikaa kwenye mtaa wa Tshopo, si mbali na daraja. Bomu lilianguka kwenye uwanja wa jirani. Florentine alimlaza mtoto wake chini, akamlalia juu. Kipande cha chuma kikampasua shavu. Mtoto hakupata hata mkwaruzo.

"Mutoto ule alikuwa wewe," Marceline alisema.

"Papa alisema yeye ndiye alitubeba sisi wote wawili mpaka kwa mapadri."

"Papa yako hakuwa hapo. Alikuwa amekimbia. Alirudi vita imekwisha."

Benie aliichukua picha kutoka mapajani mwa Marceline. Baada ya mazishi ya Florentine, Hilaire alikuwa amemchukua mtoto na kurudi naye Wagenia kwa ndugu zake, ambako hakuna aliyejua zaidi ya alichowaambia. Marceline alikuwa mbali, na yeye na shemeji yake hawakuwa wakielewana. Miaka yote alidhani Benie anajua.

"Ya Nadège," Benie alisema, akimwita dada mkubwa. "Kovu ilikuwa kwenye picha?"

"Ilikuwa."

"Na wewe ukaitoa?"

"Papa yako alisema ni maji. Mimi niliona si maji, na bado nikaitoa."

Benie aliirudisha picha mezani. "Irudishe. Sitaki huyu."

Hakurudi kwa baba yake siku ile. Aliondoka na Marceline kwenda mtaa wa Kabondo, kwa jamaa alikofikia huyo mama mkubwa.

Nadège aliifungua tena picha ya mwanzo, aliyokuwa ameihifadhi kwenye kompyuta, akaanza upya. Kipande cha chini cha kovu kilirudi bila shida. Lakini kipande cha juu kilikuwa kimeliwa na ukungu. Lilianzia wapi? Chini ya jicho? Karibu na sikio? Alimpigia Marceline simu. Marceline alisema alikuwa amemwona mdogo wake mara chache baada ya vita, anakumbuka kovu lakini hakumbuki njia yake. Nadège alichora mstari, akaufuta, akachora mwingine, akaufuta. Kila alichochora kilikuwa uongo mwingine.

Kesho yake Hilaire aliingia bila kubisha hodi. Macho yalikuwa mekundu.

"Mutoto wangu hapokei simu yangu," alisema. "Umemuambia nini?"

"Mimi sikumuambia kitu, papa. Shangazi... dada ya mama yake alimuambia. Mimi nilijibu nilichoulizwa."

"Iache ile picha. Nakuomba. Watu wote wa Wagenia watakuja kwa misa. Wataniuliza."

"Benie ameniomba niirudishe kovu. Nitairudisha."

Nadège alitegemea atapiga kelele. Hilaire alikaa kwenye kile kiti, akashika magoti yake. Alipoanza kusema alisema akiangalia sakafu.

"Bombe ya kwanza ilipopiga nilitoka nje kuangalia. Ya pili ilipopiga, miguu ilikuwa imeshanibeba. Nilijiambia nitarudi kuwachukua ikitulia kidogo. Haikutulia. Nililala porini na watu nisiowajua. Niliporudi, alikuwa ameshonwa na uzi mweusi, uso umevimba, hawezi kufungua kinywa vizuri. Mutoto iko mgongoni. Akaniwekea chakula. Basi, hakuniuliza nilikuwa wapi. Nilingojea aniulize. Nilingojea mpaka alikufa. Kama angenitukana hata mara moja..."

Nadège alikuwa amemkasirikia tangu jana, na bado alikuwa na hasira; ila sasa hakujua aielekeze wapi. Aligeuza skrini, Hilaire akaona uso wa mkewe na kovu lililokatika katikati ya shavu.

"Nakosa sehemu ya juu," Nadège alisema. "Mama Marceline haikumbuki. Wewe tu ndiye unaijua."

Hilaire alisimama, akasogea hadi mbele ya skrini. Kidole chake, kinene na chenye makovu ya kamba, kiligusa shavu.

"Ilianzia hapa," alisema. "Chini ya jicho, pale mufupa iko. Ikashuka hivi. Si moja kwa moja, ilipinda kidogo. Hapa daktari alivuta uzi sana, ngozi ikajikunja. Akicheka, ilikuwa inaingia ndani."

Nadège alifuata kidole chake. Mara mbili Hilaire alimsahihisha: hapo palikuwa pembamba, hapo peupe kidogo kuliko ngozi. Mstari wa juu ulipoungana na wa chini, aliguna kama mtu aliyechomwa, akatoka nje. Nadège alimwona akiwa amesimama kando ya barabara, amewapa watu mgongo.

Jioni Benie alikuja peke yake. Aliitazama picha, kisha akagusa shavu lake mwenyewe.

"Sehemu ya juu nimeonyeshwa na papa yako," Nadège alisema.

"Alikuja hapa? Akaonyesha mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Benie aliifunga picha kwenye kitenge, akaondoka. Hakusema amesamehe, wala hakusema atampigia baba yake simu.

Nadège alialikwa kwenye harusi, akaenda. Florentine alikuwa mbele, kwenye meza yenye maua, na kovu lake. Benie aliingia kanisani ameshikana mkono na Marceline. Hilaire alikaa benchi la nyuma na wavuvi wenzake. Walipotoka nje, mmoja wao, Papa Léon, alimwuliza kwa sauti ya mtu asiyefikiria vibaya:

"Hilaire, bibi yako alikuwa na kovu? Hukutuambia."

Watu waliokuwa karibu waligeuka.

"Aliipata kwa vita," Hilaire alisema. "Alimukinga Benie. Mimi sikuwa pale. Nilikuwa nimekimbia."

Marceline aliyasikia maneno hayo, akageukia upande mwingine. Tangu siku ile hadi leo hajazungumza na shemeji yake. Benie naye alisikia. Alikuwa ameshika maua kwa mikono yote miwili, na bwana arusi alikuwa akimvuta taratibu kuelekea kwenye gari. Alimwambia asubiri, akamwendea baba yake. Walisimama karibu, lakini hawakukumbatiana.

"Papa, nitakuja kwako Jumapili," alisema. "Utaniambia yote. Usiache kitu."

"Nitakuambia," Hilaire alijibu.

Benie alitikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye gari.