Bibi wa Katuni Mwenye Vidole Vitano

Mama mkwe alikuwa na jicho la mwewe, hasa mbele ya televisheni. Ile katuni ya familia yenye vituko, inayorushwa kila Jumamosi jioni, aliitazama kama mkaguzi. "Ona! Mkoba ulikuwa bega la kulia, sasa uko la kushoto. Wametuona vipofu hawa!" Mkamwana wake, ambaye ni mmoja wa wachoraji wa katuni hiyo hiyo, hucheka na kusema, "Nitawaambia kazini, mama."

Jumamosi hii hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kochi, roho juu juu. Katuni ilikuwa inampata bibi mpya, na vituko vya bibi huyo hakuvitoa mbali. Alianza na mzaha mmoja, akaongeza wa pili, mwisho akajikuta amemchora mama mkwe mzima mzima, kambadilisha nywele na miwani tu. Ujanja gani huo, jamani! Mama huyu alishawahi kuhama kutoka kwa binti yake wa kumzaa kwa sababu ya utani mmoja wa mezani, akafunga mizigo siku hiyo hiyo. Na hapa ndio kwanza wawili hawa wameanza kuelewana.

Katuni ikaanza. Bibi akaonja mchuzi, akausifu, kisha akautia chumvi. Mama mkwe akacheka. Bibi akasinzia kochini, mjukuu alipogusa rimoti, akafoka macho yamefumbwa, "Acha, natazama!" Mama mkwe akapiga paja. "Huyu bibi ana wazimu! Nawajua watu wa namna hii!" Mume wa mchoraji akauficha uso kwenye mto, mabega yakimtikisika.

Mara bibi akainua mguu, akazima televisheni kwenye soketi kwa kidole cha mguu.

Kicheko cha mama mkwe kikakatika. "Rudisha nyuma king'amuzi. Hapo hapo, simamisha." Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Watu wote wa katuni hii wana vidole vinne vinne, mikono na miguu. Mbona huyu mguuni ana vitano? Na hiki cha mwisho kimempanda mwenzake?" Akavua kandambili, akauweka mguu wake mezani, kando ya vikombe. "Kama hiki!"

Mchoraji alitamani ardhi ipasuke. Vinne alivizoea, lakini mguu ule aliuona kila siku, ukamtoka kalamuni kama ulivyo, na kazini hakuna aliyehesabu. "Nisamehe, mama. Sikukudharau hata kidogo. Nakupenda, ndiyo maana sichoki kukutazama."

Mume akafungua kinywa, mama mkwe akamnyamazisha kwa mkono.

"Huyu nimemzaa mwenyewe," akasema, akimnyooshea kidole. "Muulize kidole changu kipi kimempanda mwenzake. Hakujua mpaka leo!" Mama mkwe akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka, akanyakua simu na kumpigia dada yake.

"Dada, washa televisheni upesi! Nimechorwa! Ndiyo, mimi, mpaka vidole vya miguu!"

Sauti ya upande wa pili ikauliza, "Kakuchora nani, mtu mzima kama wewe?"

Mama mkwe akamvuta mchoraji kwa shingo, akamkumbatia. "Nani mwingine? Mwanangu!"