Mazishi Mbele ya Mtambo

Katika nchi ya Tarazani, ambako vilima vimechongwa vikalingana vimo na mito imenyooshwa ikakosa hata kona ya kuogea bata, hapakuimbwa wimbo ambao haukupita kwenye Mtambo. Ulikaa katika ukumbi wa marumaru, una sikio la shaba pana kuliko sufuria ya pilau la harusi, na mdomo unaotema karatasi za noti za muziki; tarumbeta zake, zilizopiga kila ulichokiandika, zilitundikwa mji mzima. Watawala, walioitwa Wapimaji, walinenepa kwa huo Mtambo. Kila mwaka waliugusagusa kidogo, wakatangaza kuwa umeboreshwa, na nyimbo zote za mwaka jana zikawa hazisomeki mpaka wenyewe warudi kupanga foleni na kuku mkononi. Nao Mtambo wenyewe, masikini wa Mungu, ulijua kuhesabu mpaka nne tu.

Sasa, Watarazani wana desturi yao: maiti hazikwi kabla ya kuimbiwa wimbo wa ukoo wake. Chaumbwa, mwanamke mfinyanzi, alipofiwa na mama yake, akaenda ukumbini na jeneza mabegani mwa wapwa zake. Wimbo wa ukoo wao huenda mapigo saba, ukichechemea, na katikati una mguno unaoteleza kutoka juu hadi chini. Akauimba. Mtambo ukatema karatasi. Karatasi gani ile! Pigo la saba limekatwa likatupwa mstari wa chini, maneno yameparamia mstari wa ngoma, mguno haupo, na kila palipobaki upenyo pamejazwa alama za kimya.

"Huu si wimbo wa mama yangu," Chaumbwa akasema.

"Ndio ulioandikwa," akajibu Dindwa, karani wa Mtambo. "Utaimbwa hivyo hivyo, au hazikwi."

"Basi lirudishe lile pigo mahali pake."

"Ukisogeza pigo moja, ukurasa wote unahama."

"Futa, tuanze upya."

"Kufuta hakuna, dada. Mtambo haukosei. Labda marehemu ndiye aliyekosea."

Loo! Hapo alikanyaga kaa la moto.

"Mama yangu, aliyewaimbia wazazi wake mpaka wakafunikwa udongo, leo amekosea kwa kuwa chuma chako hakijui kuhesabu? Anayetaka kuandika wimbo ajifunze kwanza kusikiliza! Simtoi hapa."

Akalitua jeneza chini ya sikio la shaba, akaimba upya, na waombolezaji wakaitikia. Mtambo ukakata, ukabandika, ukakata tena, ukafuka moshi, mwishowe ukaacha kukata, ukauandika wimbo kama walivyouimba. Nami nilikuwa ukumbini; nilifurahi, wala sioni haya kusema.

Mpimaji Mkuu akatokeza roshanini, amevimba kwa hasira. "Wazimeni hao! Pigeni sifa zangu!"

Dindwa akazitumbukiza haraka sifa za Mkuu Mtamboni bila kuufunga kwanza wimbo wa Chaumbwa uliokuwa bado wazi. Kosa hilo kila aliyewahi kuutumia Mtambo amelifanya, akalia nalo peke yake. Safari hii lilisikika mji mzima. Tarumbeta zikarindima mapigo saba, mguno na yote, na kila lilipofika jina la Mkuu, likaangukia alama ya kimya.

Askari walioletwa kulitupa jeneza nje walikuwa wameshaliinua. Miguu yao, iliyofunzwa kufuata tarumbeta tu, ikaushika mdundo. Wakachechemea nalo ngazini, wakachechemea nalo barabarani kuelekea makaburini, Chaumbwa akiwa mbele anaongoza wimbo kwa sauti iliyokauka.

"Simameni!" Mkuu akapiga kelele. Lakini askari wa Tarazani wamekatazwa kutii sauti isiyotoka tarumbetani, na katazo hilo alilitoa yeye mwenyewe.

Mama akazikwa. Wapimaji wanasema askari waliutii Mtambo tu, kama siku zote. Huenda. Mimi nilisimama karibu na kaburi, tarumbeta zikiwa zimeshazimwa kitambo, na askari walikuwa bado wanaimba.