Chumba cha Macho Kando ya Jiko la Shule

Mpishi wa shule alimwaga maharage kwenye sinia, akalisogeza mlangoni penye mwanga, akaanza kuchambua kwa vidole. Macho yalikuwa yameacha kumsaidia kazi hiyo. Punje zote aliziona kwa ukungu, na kila jiwe lilikuwa limevaa rangi ya harage. Watoto walishampa jina: Mama Kokoto. Juzi mwalimu wa darasa la tatu alivunjika jino, na mwalimu mkuu akaja jikoni mwenyewe.

"Mama, nakuheshimu kama mzazi wangu," alisema. "Lakini likipatikana jiwe jingine, nitatafuta mpishi mwingine."

Tangu hapo alikuwa akiomba kabla ya kuwasha moto. Hakuomba makubwa. Aliomba aone jiwe kabla jino halijaliona. Hospitali kubwa aliwahi kwenda. Alitoka alfajiri, akafika jioni, akakuta chumba cha macho kimefungwa.

Jumanne asubuhi mpasua kuni aliingia na mzigo begani.

"Mama Kokoto, kile chumba chako kimekuja."

"Chumba gani?"

"Cha macho. Kiko pale kwenye uzio. Kimekanyaga vitunguu vyangu."

Mpishi alifunika maharage, akatoka. Chumba kilikuwa kimesimama ng'ambo ya uzio, kuta zake za kijani, matope yamefika nusu ya mlango, kinahema kidogo. Benchi la wagonjwa lilikuwa limekifuata nyuma. Kizingitini muuguzi wa macho alikuwa akikung'uta viatu.

"Shikamoo mama. Hapa maji ya kunawa yapo?"

"Marahaba mwanangu, yapo. Mmetembea usiku kucha?"

"Chumba ndicho kimetembea. Mimi nilikuwa ndani napanga miwani. Kila tukiomba gari la kuwafuata watu huku, tunaambiwa hakuna. Nadhani kimechoka kusubiri."

"Tumechoka wote," alisema mpishi, akaketi.

Muuguzi alimmulika macho, kisha akamjaribishia miwani moja baada ya nyingine. Ghafla mpishi akainua kiganja usoni. Aliona mistari ya kiganja chake, na kovu la kisu alilodhani limefutika zamani.

"Hii ni ya vitu vya karibu tu, mama. Ukitaka kuona mbali, tazama kwa juu yake."

"Ugonjwa wenyewe ndio huu? Dawa yake kioo tu?"

"Ndio huu."

"Na mimi nilikuwa natubu," alisema mpishi.

Mchana huo watoto walikula, na hakuna aliyetema kitu. Foleni ilizunguka shule. Mpasua kuni naye alipimwa, akaambiwa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na upasuaji haufanyiki hapo. Lazima aende hospitali. Akaiweka karatasi ya rufaa ndani ya kofia.

"Kiambieni na chumba cha upasuaji kinyooshe miguu," alisema.

Walipoisha watu kwenye foleni, ofisa wa hospitali alifika kwa gari safi, viti vya nyuma vitupu. Alisimama mbele ya mlango, akakikumbusha chumba kwamba safari za vijijini haziruhusiwi, kwa sababu hakuna gari.

"Hicho kinachong'aa ni nini?" aliuliza mpasua kuni.

"Gari," mpishi akamjibu.

"Si hakuna?"

"Hakuna la kazi hii," alisema ofisa bila hasira. Alikuwa akisema ukweli. Akaingia garini, akaondoka na viti vyake vitupu.

Chumba hakikubisha. Mpishi alimpa muuguzi sufuria ya maharage ya njiani, wakaagana. Chumba kikajiinua kutoka kwenye vitunguu, kikalifuata gari taratibu, na benchi nyuma yake.

Mpishi alirudi mlangoni kwake na sinia mapajani. Alitazama kwa juu ya miwani. Kwenye njia panda gari lilikata kulia, kuelekea hospitali. Chumba kilisimama kidogo, kama mtu anayesoma kibao, kisha kikakata kushoto.

"Kimeelekea wapi?" aliuliza mpasua kuni.

"Kushoto."

"Huko kuna nini?"

"Kuna watu."

Mpasua kuni aligusa kofia yake, akarudi kwenye shoka. Mpishi akateremsha macho kwenye miwani. Jiwe lilikuwa pale, la kahawia, limejilaza katikati ya maharage kama mwenye nyumba. Akalitoa, akalitupa nje, akasema amina.